Amana ya Asumini

Katika hidaya zote ambazo watu wa mwambao wetu hupelekeana wakiwa mbalimbali, hapana iliyo na masharti magumu kama ua bichi. Nguo hukunjwa ikakaa sandukuni hata mwaka, ikatoka na harufu ya udi iliyofukizwa nao. Ng'onda husafiri kutoka visiwani hadi bara, na kila siku ya safari humzidishia utamu, au kwa kauli ya wasiompenda, humzidishia uvundo. Na fedha siku hizi hurushwa kwa simu ikafika kabla mpelekaji hajafunga kinywa. Ua bichi peke yake ndilo linalomwekea mpelekaji na mchukuzi muhula usiojadiliwa, kwa kuwa saa lilipochumwa ndiyo saa lilipoanza kufa, na kila kitendwacho baada ya hapo, ukalinyunyizia maji, ukalifunika kwa jani, ukalikinga na jua, ni kuomba ahirisho tu kwa hakimu ambaye hukumu yake imekwisha kuandikwa.

Nayasema haya kwa sababu nilipewa amana ya maua mjini Tanga nikayapeleka Mtae, kijiji kilichokaa ukingoni kabisa mwa milima ya Usambara ya Magharibi, mahali ambapo nchi hukatika ghafla ikaanguka hata tambarare za Mkomazi, na mgeni asiyezoea husimama mbali na genge huku akijidai kuwa anapendezwa zaidi na mandhari ya upande wa pili. Mwenye kupeleka alikuwa mama yangu mkubwa, mkazi wa mtaa wa Ngamiani tangu kuzaliwa, mwanamke aliyekwisha kuwa mzito wa miguu lakini si wa ulimi. Na mwenye kupelekewa alikuwa mdogo wake, mama yangu mdogo, aliyeolewa na mwalimu wa Kisambaa zama za ujana wao, akapanda mlima nyuma ya mumewe, akajifunza kulima viazi na kuota moto, wala asirudi pwani ila kwa misiba na arusi. Mwalimu yule alifariki, Mola amrehemu, na mjane wake akakaa eda.

Eda ya mfiwa, kama ijulikanavyo, ni miezi minne na siku kumi, na katika muda huo mwanamke hujizuia na mapambo na manukato: hatii wanja, hajifukizi, havai kikuba. Huenda kwa mtu wa mahali pengine hilo la manukato likaonekana jambo dogo, lakini kwa binti wa Tanga aliyelelewa katika nyumba ambamo chetezo hakipoi, aliyejua saa za jioni kwa harufu kabla ya kuzijua kwa adhana, kukaa miezi minne bila ya kunusa kizuri ni msiba ndani ya msiba. Ndiyo maana mama mkubwa, alipoarifiwa kuwa muda wa mdogo wake unakaribia kutimia, hakuridhika na fedha wala na doti ya kanga, ijapokuwa vyote viwili alivipeleka pia, bali alikata shauri kwamba usiku wa kwanza wa kutoka edani mdogo wake avae asumini za nyumbani kwao, zilizochumwa katika mwasumini alioupanda marehemu mama yao uani, na azivae zikiwa bichi. Kuzifikisha kabla ya siku ingekuwa kumtia mjane mtihanini. Kuzifikisha baada ya siku ingekuwa kumpelekea takataka.

Shida ya kwanza haikuwa njia, ilikuwa hesabu. Eda huhesabiwa kwa miezi ya mwandamo, na mwezi, kama ajuavyo kila aliyepata kufunga Ramadhani katika nchi hii, huweza kuonekana na hawa usionekane na wale. Ngamiani walihesabu wakapata Jumatano. Mtae walihesabu wakapata Alhamisi. Simu zikapigwa, majina ya mashekhe yakatajwa kwa taadhima upande huu na kwa taadhima iliyopungua kidogo upande wa pili, na mimi niliyekuwa nimekaa kando nikinywa kahawa nikawa nafikiri kwamba asumini haina madhehebu, nayo itachanua usiku wake bila ya kumwuliza mtu. Mwishowe mama mkubwa alilikata neno kwa hoja ambayo sidhani kama fakihi angeipinga: mwenye eda ni yule wa Mtae, na mwezi unaomhusu ni ule uliomwandamia yeye. Ikawa Alhamisi, na kwa kuwa siku yetu hukatika kwa kutua kwa jua, maua yalitakiwa yawe mlangoni pake magharibi ya siku hiyo.

Hapo ndipo ilipombidi mtu aijue asumini kwa tabia zake. Ua hili ni la usiku. Tumba lililopea huwa jeupe na limefura tangu alfajiri, likingali limefumba, nalo likiachwa hufumbuka jioni ya siku ile ile, likanukia usiku kucha, na kesho yake weupe wake huanza kugeuka rangi ya chai, likaanguka. Basi achumaye jioni huchuma ua la usiku ulio mbele yake papo hapo, ambalo akilipakia katika basi la asubuhi atakuwa anasafirisha kizee. Achumaye alfajiri huchuma ua la usiku ujao, lenye mchana mzima wa akiba ndani yake. Mchana mzima ndio hasa tuliouhitaji, kwa sababu basi la Tanga kwenda Lushoto hutoka mapema, na magari ya kutoka Lushoto kwenda Mtae huondoka baada ya adhuhuri yakafika jua likiwa limekwisha kuinama.

Niliuliza, kwa adabu, kwa nini mzigo usipewe utingo wa basi, kama watu wapelekavyo milimani dawa, viatu vya shule na samaki, kisha akapigiwa simu mwenyewe aupokee stendi. Mama mkubwa alinitazama kwa muda.

“Mwanangu,” akasema, “utingo atayaweka maua yangu juu ya injini, au atayaweka chini ya gunia la dagaa. Ya kwanza ni mauti, na ya pili ni fedheha.”

Basi alfajiri ya Alhamisi, kabla ya adhana, uani palikuwa na mwanga wa kurunzi na minong'ono. Wajukuu wa kike walichuma, wakiyatambua matumba yaliyopea kwa weupe uliofika hadi kikonyoni, kwa kuwa tumba changa hubaki na ukijani shinani na halitafumbuka likishatengwa na mti. Mama mkubwa alikaa kigodani akitunga kwa unyuzi mwembamba wa ukindu, tumba hili likielekea huku na lile kule, hata pakapatikana koja zito ambalo, kwa mtu asiyejua, lingedhaniwa kuwa halina harufu yoyote. Kisha akafunga vikuba. Kati aliweka kilua, ua lisilo na sura ya kutazamwa mara mbili, ambalo wataalamu wa mimea waliliandika vitabuni mwaka 1970 tu wakaliachia jina lake la Kiswahili, ilhali bibi zetu walikuwa wakiliweka chini ya mito ya maarusi tangu zamani zisizo na tarehe. Akalizungushia mkadi uliochanwa vipande vyembamba, rehani, majani ya mpachori, na asumini kwa nje. Alifanya kazi hiyo bila ya kusema, na kila kikuba alichokimaliza alikipeleka puani, akakitafakari, akakiweka. Kimoja alikifungua akakifunga upya. Sikuona kosa lake, wala sikuuliza.

Kufunga mzigo kulikuwa elimu nyingine. Vikuba na koja vililazwa juu ya jani la mgomba lililopanguswa umande, likakunjwa bila ya kukazwa. Juu yake pakaja kitambaa cha bafta kilichochovywa maji kikakamuliwa, kisha jani jingine, na vyote vikaingizwa katika pakacha la kuti bichi ambalo hupitisha hewa pande zote. Mfuko wa plastiki serikali ilikwisha kuupiga marufuku tangu Juni 2019, na mama mkubwa aliupiga marufuku zamani zaidi, kwa hoja kuwa ua likitokwa jasho huoza. Barafu nayo ilikataliwa: barafu, alisema, ni ya samaki. Nikapewa chupa ya maji ya kunyunyiza, nikausiwa nisiliweke pakacha chini, nisiliweke juu, nisilifungue, nisikae dirishani upande wa jua wala karibu na mtu mwenye mzigo wa pwani. Nilipoingia basini abiria wa kiti cha jirani alikuwa na ndoo ya pweza. Nilihamia nyuma.

Njia ya kutoka Tanga hupita katika nchi ambayo historia yake yote, ukiitazama kwa jicho la mtu aliyepakata maua, ni historia ya mimea iliyotumwa mbali. Baada ya Pongwe na Muheza, ambako machungwa hupangwa kando ya barabara, huanza mashamba ya mkonge yaliyonyooka kwa mistari hata upeo wa macho. Na mkonge huu, uliowaita watu wa makabila mengi wakaja kuukata na uliojenga nusu ya Tanga tuijuayo, si wa hapa. Mwaka 1893 Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, Marekani, ikapita Hamburg, na katika elfu hiyo iliyofika ikiwa hai ni 62 tu. Kwa hiyo mtu akiniambia kuwa kupeleka kitu kibichi mbali ni mchezo wa wanawake, mimi humwonyesha ule mkonge. Mama mkubwa asingekubali hasara ya namna ile katika shada lake.

Na katika miezi ile ile ambayo mkonge ulikuwa ukiingia, ua moja lilikuwa limekwisha kutoka. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa sehemu hizi, aliliona katika miamba yenye kivuli, pande za Tanga na milimani, ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya. Akalipeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka 1893 Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover, akalisajili kwa jina la familia ya yule baron. Tangu hapo ua hili limeenea ulimwenguni, likakaa katika vyungu vidogo madirishani mwa nyumba ambazo wenyewe hawajui Usambara iko upande gani wa Afrika, ijapokuwa Wajerumani hadi leo huliita kwa jina la milima hiyo. Najiuliza mara nyingi kwa nini watu wetu, waliokuwa wakipita mbele ya ua hili kwa karne na karne, hawakulichuma wakalipanda uani. Na jawabu nililolipata ni kwamba halinukii. Ni ua la macho. Mtu wa mwambao hakufunzwa kulipenda ua kwa macho: asumini ina umbo la kawaida, kilua kina umbo la huzuni, mkadi ukiuona mtini unaweza kuudhania mwiba tu, na vyote hivyo ni sultani na mawaziri wake kwa sababu ya kazi vinayoifanya gizani, wakati macho hayana faida.

Nina yakini kwamba tofauti hii ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, nayo ndiyo inayoamua ua gani litasafiri na litasafiri vipi. Mawaridi yakatwayo Naivasha, Kenya, na katika mashamba ya pande za Arusha, hutiwa katika vyumba vya baridi, yakapanda ndege usiku, na baada ya muda mfupi yako Uholanzi yakiuzwa, shina refu, petali zimesimama wima, yana uwezo wa kukaa chomboni siku nyingi. Na aghalabu ukiyapeleka puani hukutana na harufu ya majani tu, kwa kuwa waliokuwa wakiyachagua vizazi kwa vizazi walichagua urefu wa shina na udumifu wa rangi, na harufu ikasahaulika njiani. Ua la macho hustahimili safari. La pua ndilo dhaifu, kwa sababu kinukiacho ndicho kinachotoka na kwenda zake. Watu wa Jebel Akhdar, huko Omani, ambao vijiji vyao viko juu ya mlima kama Mtae, walilitatua jambo hili kwa moto: mawaridi yao huchumwa asubuhi mapema msimu wa machipuko, yakapikwa katika vyombo vya kukusanya mvuke, na kinachoshuka mlimani si ua bali ni maji yake, ambayo hukaa katika chupa mwaka hata mwaka na kunyunyizwa kwa mrashi. Niliwahi kumtajia mama mkubwa suluhisho hilo. Alisema kuwa marashi ni habari ya ua, na habari ni njema, lakini mgeni ni afike mwenyewe.

Tulifika Mombo jua likiwa kali. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka ule ule wa 1893 ilifika hapa mwaka 1905, na kwa muda mrefu Mombo ndipo palipokuwa mlango wa milima: wenye safari ya Lushoto walishuka garimoshi hapa. Njia ya watu, hata hivyo, ni ya zamani kuliko reli. Mbele kidogo, chini ya mlima ule ule, iko Mazinde, alikokaa Semboja wa ukoo wa Wakilindi akiitawala njia ya misafara. Na katibu wake alikuwa mtu wa pwani, Abdallah bin Hemedi, ambaye baadaye aliandika kwa Kiswahili Habari za Wakilindi, kitabu ambacho bila yake tungelijua mambo ya Vuga, makao ya ufalme wa Usambara, na ya wafalme wake kwa vinywa vya wageni tu. Huwa nafurahi kumkumbuka huyo bwana ninapopita pale, kwa kuwa wako watu wadhanio kuwa mpwani aliyepanda Usambara ni kioja, na kwamba mama yangu mdogo ndiye mpwani wa kwanza kuipanda.

Hapo Mombo, basi liliposimama na wauzaji wakajaa madirishani, nilitia mkono chini ya kitambaa cha bafta nikakikuta kikavu kama karatasi. Nikanyunyiza maji kwa vidole kama nilivyoagizwa, si kwa kumimina, na mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza karanga chini ya dirisha langu akaacha kuuza, akainua uso, akasema kwa sauti kubwa kwamba ndani ya gari hili mna bwana arusi. Watu wakacheka. Harufu ya kilua ilikuwa imeanza kupenya jani.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita zipatazo 33 za barabara iliyochongwa ubavuni mwa mlima, na msafiri hupanda takriban mita elfu moja katika mwendo huo, korongo likiwa mkono huu na ukuta wa jabali mkono ule, hata maporomoko ya Soni, ambapo hewa hubadilika kwa ghafla na abiria waliokuwa wakijipepea huanza kutafuta mashuka. Mimi niliifurahia baridi ile kwa niaba ya mzigo wangu. Joto ndilo linaloamsha asumini, na kila pindo la barabara lilikuwa likinirudishia sehemu ya muda ambao Mombo ilininyang'anya.

Lushoto, ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal wakaifanya mahali pa kupumzikia homa za pwani, bado ni mji wa bustani. Ulikuwa mwisho wa vuli, wakati wa plamu, na sokoni matenga ya plamu yalikuwa yamesimama mpaka njiani, pamoja na kabichi, karoti na viazi vilivyokuwa vikingoja malori ya Dar es Salaam. Na maua yalikuwa kila mahali: dalia nyekundu kubwa kuliko sahani, mayungiyungi meupe kwenye mifereji, mawaridi yakipanda juu ya nyua za watu wasiokuwa na habari nayo. Kijana mmoja aliyenisaidia kulishika pakacha nikifunga kamba za viatu aliuliza limebeba nini, na nilipomwambia kuwa ni maua napeleka Mtae, alitazama huku na huku akiyakagua yaliyomzunguka, kisha akanirudishia mzigo wangu kwa heshima ambayo watu humpa mgonjwa.

Gari la Mtae lilijaa, likajazwa, kisha likapakiwa. Njia hupanda kupitia msitu wa Magamba, ambako mikulo na miti mingine ya asili husimama katika ukungu hata mchana, halafu hutoka kwenye migongo ya milima iliyolimwa yote, matuta juu ya matuta, ikapita Lukozi na Sunga, na kila mahali gari lilipopinda kulikuwa na mwanafunzi wa kushuka au gunia la kupakia. Kwa sababu ya wingi wa watu nililibeba pakacha kichwani nikiwa nimesimama, mkono mmoja juu, na katika hali hiyo nilihojiwa na mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, ambaye alikuwa amekaa chini ya kwapa langu.

“Bwana, hiyo ni asumini?”

“Ndiyo, mzee wangu.”

“Nilifanya kazi ya mkonge chini huko, mimi. Jioni ukipita mitaa ya Waswahili unaijua.” Akanyamaza mwendo wa mapindo mawili. “Sisi tuliona ni kelele. Mtu anaona haya kunukia hivyo.”

Nilimwambia kuwa kwetu mtu huona haya kutonukia. Alilipima neno hilo, asiliafiki, lakini tangu hapo kila gari liliporuka alinyoosha mkono wake kulitegemeza pakacha, wala hakuuondoa mpaka alipoteremka.

Tuliingia Mtae jua likiwa limebakisha shubiri moja juu ya milima ya Upare. Chini ya genge tambarare za Mkomazi zilikuwa zimekwisha kuwa samawati, na upepo uliokuwa ukipanda kutoka huko ulikuwa wa baridi kiasi kwamba nilipopiga hodi meno yalinigonga. Wanawake walikuwa wamejaa ndani, majirani wa Kiislamu na wa Kilutheri pamoja, maana katika kijiji hiki kanisa na msikiti vina waumini wanaochangia visima na mashemeji. Mama mdogo alikuwa amekaa mkekani, amevaa nguo zilezile nyeupe za miezi minne, akingoja adhana. Nilimwamkia, akanijibu marahaba mwanangu, lakini macho yake yalikuwa juu ya pakacha, na aliponyoosha mkono, mmoja wa wanawake akamzuia kwa upole: bado. Nikaliweka pembeni. Sisi sote, pamoja na yule mwenye haki ya maua, tukakaa tukilitazama.

Adhana ikalia. Mama mdogo akaingia ndani kuoga, akatoka amevaa kanga mpya za dadake, na pakacha likafunguliwa. Matumba yalikuwa meupe, mabichi, bila ya doa, nami nikahisi fahari. Na yalikuwa yamefumba kabisa. Baridi ya mlima, iliyoyaokoa njiani, sasa ilikuwa imeyafunga. Pale Ngamiani saa hiyo uani kote kungekuwa kumekwisha kuchanua. Hapa koja lilikuwa kama kete nyeupe zilizotungwa uzini, halitoi lolote, na wanawake wa kijiji waliokuwa wamesikia sifa zake kwa miaka walilisogelea, wakanusa, wakatazamana kwa adabu. Kilua na mkadi vilijitahidi. Asumini ilikaa kimya.

Mama mdogo hakushituka. Alilichukua koja, akalivaa shingoni ndani ya nguo, ngozini, akajifunika kanga ya pili na juu yake koti la marehemu, akasogea karibu na moto, kisha akaagiza chakula kiletwe. Tukala ubwabwa, na mazungumzo yakawa ya mahindi, ya ada za shule, na ya yule mwalimu aliyekuwa akiwafukuza watoto wa kijiji kizima warudi darasani. Ilikuwa baada ya isha, tulipokuwa tumekwisha kuisahau sababu ya mkusanyiko, ndipo jirani mmoja mzee, muumini wa Kilutheri aliyekuwa amekaa mbali na moto, alipokatiza maneno yake mwenyewe akauliza ni nini hicho. Harufu ilikuwa imetoka chini ya koti. Kwanza ilikuja kidogo, kisha ikawa haizuiliki, ikakishinda chumba kile cha moshi wa kuni, na mama mdogo, ambaye tangu nilipofika alikuwa ametenda kila jambo kwa utulivu wa mtu anayefuata ratiba, aliinamisha kichwa ndani ya kola la mumewe akalia, hali amezungukwa na wanawake ambao hawakumwambia anyamaze.

Asubuhi alikuwa mtu wa hesabu tena. Vikuba aliwagawia majirani, akiwaelekeza wa kuviweka chini ya mto na wa kuvitia katika nguo, na yule Mlutheri mzee alipewa kilua kizima, akakifunga kwenye pindo la kanga, akakiri kuwa ni kikali mno lakini hakukirudisha. Kwetu chombo hakirudi kitupu, na kwa hivyo pakacha lilijazwa plamu hadi kuti likalalama. Kisha nikakalishwa nikariri ujumbe wa kumpelekea mama mkubwa, neno kwa neno, kwani mama mdogo hakuziamini simu kwa mambo ya maana.

“Mwambie dadangu koja limefika salama na kazi yake nimeiona. Mwambie rehani ilikuwa nyingi. Mkadi si wa nyumbani, ameununua sokoni, asinidanganye. Na kikuba cha tatu kilifungwa mara mbili, kilua chake kimevunjika kikonyo. Mwambie nimekitambua, na kwamba hicho ndicho nilichokiweka mwenyewe.”

Nikavisema vyote mbele yake mara ya pili, akanisahihisha mahali pamoja, akaniruhusu niende kulitafuta gari.